Jiwe la Kilo Kumi

Jiwe lenyewe halina sura ya kukumbukwa.
La mto Kiwira, kijivu, limebonyea ubavu mmoja
kama mkate uliokaliwa.
Bupe Mwakalobo alilibeba kwa mbeleko ya mwanawe
hadi zahanati, akalitia kwenye ile kaptula
ya kupimia watoto.
Nesi akacheka, akasoma: kumi kamili.

Alhamisi likapanda mizani ya banda la chai.
Nane.

Hakuna aliyehutubia.
Wanawake mia na kitu walifudikiza vikapu
katikati ya barabara, wakakalia,
na mvua ya Tukuyu, ile isiyo na haraka,
ikawapiga siku tatu.
Majani yakachacha, yakawa rangi ya tumbaku.
Lori likarudi kiwandani tupu.
Siku ya nne mizani ikapata akili.

Mimi nilikuwa katibu. Daftari la kurasa sitini na nne,
michango ya mia mbili mbili.
Mshumaa tulikopa dukani;
neno hatukukopa.

Kisha Wakfu ukaja.
Nisiseme uongo: walikuja kwa adabu.
Yule bibi alivua viatu mlangoni, akala mbalaga kwa mkono,
akalia, machozi kabisa, Bupe aliposimulia ile mvua.
Akauliza, "Mnahitaji nini?"
Tukatazamana.
Hatukuwahi kuulizwa hivyo na mtu aliyeshiba.
Subilaga akasema: "Turubai."

Turubai halikuwamo kwenye mwongozo wao.
Tukapewa ofisi, pikipiki, kompyuta,
na bango: jina lao juu,
letu chini yake, kama mtoto aliyeshika sketi ya mama.
Nami nikafundishwa kuandika upya.
"Kugoma" nikalifuta, nikaweka "majadiliano shirikishi".
"Tumeibiwa" ikawa "changamoto za mnyororo wa thamani".
Njaa ilibaki njaa, ila ikapewa asilimia.
Hawakunilazimisha. Kalamu ilikuwa yangu,
na mshahara ulikuwa wangu,
na bati jipya halivuji,
na ninyi hamjui Julai ya huku inavyong'ata.

Mkono mtupu haulambwi, tunaambiwa.
Lakini mkono uliojaa nao, nimeuona,
hauwezi kukunja ngumi.

Mwaka wa tatu mizani ikaanza tena kula,
nusu kilo, robo tatu,
kama panya mwenye malezi.
Bupe akaja ofisini. Nikamwambia avute subira:
robo hii tuna semina mbili,
na kugoma hakuna kifungu chake.
Akanitazama kama mtu anavyomtazama
mtoto wa jirani aliyekua vibaya.
"Katibu," akasema,
"ile mvua tuliinunua kwa kifungu gani?"

Jiwe lilikuwa mlangoni. Tulilitumia kuzuia mlango
upepo wa mlimani ukishuka.
Akainama, akalipangusa kwa kiganja,
akalifunga mgongoni
(mbeleko nyingine; mwanawe sasa yuko chekechea)
akateremka bila kuaga.
Nyuma yake mlango ukajibamiza,
na mimi nikashtuka kama mwizi.

Leo ni tarehe ishirini na nane, taarifa inatakiwa.
Tangu Alhamisi sijasikia lori likipita.
Nasikia mvua tu, na ndani ya mvua
sauti za watu wanaosogeza vikapu.
Safu ya mafanikio nimeiacha wazi.
Kwenye safu ya vifaa vilivyopotea nimeandika:
jiwe, moja.
Uzito, kilo kumi.
Nikafuta "vilivyopotea".
Sijapata neno la kuweka.